Ngoma Haiwi Yai

Haupiti mwezi bila kanda ya bendi fulani ya dansi ya miaka ya 1990 kurushwa upya mtandaoni, "4K" imebandikwa kwenye kona, na sifa zikimiminika chini yake: picha safi, rangi zimerudi, utadhani imepigwa jana. Waimbaji wamenenepeshwa kwa theluthi nzima. Ngozi zao zimelainishwa hadi hazina hata kinyweleo. Ngoma kubwa ya drams, ile iliyoandikwa jina la bendi, imelazwa ikawa yai. Anayethubutu kusema huitwa mwenye wivu.

Mjuzi akiletewa picha ya kuwekwa kwenye runinga haulizi kama ni HD au 4K. Hutafuta duara.

Duara lolote linaloitazama kamera uso kwa uso linatosha: ngoma hiyo, saa ya ukutani sebuleni kwa bibi harusi, rimu ya gari la maharusi lililopigwa ubavuni. Sura ya mtu hudanganya, kwa kuwa wapo wembamba na wapo wanene, na jicho huuzoea upotofu ndani ya dakika chache. Duara halina mjadala. Simamisha picha, weka rula kwenye kioo, pima upana, pima kimo, gawanya. Isipotoka moja, mengine yote yanayosifiwa hayana maana.

Yai lililolala, lile la picha ya uwiano wa 4:3 kuvutwa hadi ijae kioo cha 16:9, hata mtoto huliona akionyeshwa. Kinachowapita karibu wote ni kosa dogo zaidi, linalozaa yai lililosimama. Kanda ya PAL, mfumo wa zamani wa televisheni ya rangi, ikiingizwa kwenye kompyuta hutoa fremu ya 720×576. Gawanya: ni 1.25, ambayo si 4:3 wala 16:9. Pikseli za PAL si mraba. Katika picha ya 4:3, upana wa kila moja ni takriban mara 1.09 ya kimo chake. Mhariri chipukizi huichukua fremu hiyo kama ilivyo, akaikuza hadi kimo cha 1080, akapata upana wa 1350, akaridhika. Hapo ngoma imepoteza zaidi ya asilimia nane ya upana wake, na jukwaa zima limekondeshwa. Watazamaji hawajui kilichoharibika. Husema tu kwamba yule mwimbaji enzi zile alikuwa mwembamba.

Anayejua kazi hukata pikseli nane kila upande, ambazo mara nyingi ni weusi mtupu, zikabaki 704. Huzifungua hadi 768×576, kisha huzipeleka 1440×1080 katikati ya kioo cha 1920, na kila pembeni hubaki ukanda mweusi wa pikseli 240. DVD za sinema zina mtego wake: fremu ileile ya 720×576 inaweza kuwa ya 16:9, ikitakiwa kufunguka hadi 1024×576. Alama ya uwiano ikipotea wakati wa kukopi, matairi yote ya gari huwa mayai yaliyosimama.

Mafundi wa stesheni za zamani hawakuhitaji mhadhara huu. Kabla ya matangazo kuanza alasiri, kioo kilikaa na kadi ya majaribio, na Philips PM5544, mojawapo ya kadi zilizosambaa sana katika nchi za PAL, ilitawaliwa na duara kubwa katikati. Duara likipinda, fundi alijua kabla mtazamaji hajakaa kitako. Siku hizi matangazo hayalali, kadi zimeondoka, na wengi waliopo studio hawajawahi kuiona hata moja.

Walaghai wa picha hawako kwenye vibanda vya video tu. Novemba 2019, Disney+ ilipozinduliwa, vipindi vya zamani vya The Simpsons viliwekwa vikiwa vimekatwa juu na chini ili vijae 16:9. Katika mandhari ya kiwanda cha bia ya Duff, utani wote ulikuwa juu ya fremu: bia tatu za majina tofauti zinamiminwa kutoka bomba moja. Bomba likakatwa, utani ukafa. Ilibidi watazamaji wasubiri hadi Mei 2020 ndipo 4:3 ikarudishwa. Mwaka 2021 Netflix nayo ikaleta Seinfeld iliyokatwa hivyohivyo, na katika kipindi kilichopewa jina la shimo la barabarani, mhusika George anaonekana akilitazama shimo ambalo liko nje ya kioo.

Upande wa mabingwa, waliofufua Star Trek: The Next Generation kwa ajili ya Blu-ray kuanzia 2012 walikuwa na kila kishawishi cha kupanua. Walirudi kwenye filamu za milimita 35, wakaziskani upya, wakayakusanya upya madoido, kisha wakaiacha picha katika 4:3, kwa sababu waliopiga waliipanga hivyo. Watu wa namna hiyo wamebaki wachache.

Ushindi wao una sharti moja ambalo wauzaji wa "4K" hulifumbia macho: walikuwa na filamu. Milimita 35 ina undani mwingi kuliko ule ambao televisheni ya wakati ule iliweza kuuonyesha. VHS haina, kwa kuwa uwezo wake ni takriban mistari 240 ya upana, na VCD ni 352×288 tu. Fremu ya 704×576 ina pikseli 405,504. Ikikuzwa hadi 2880×2160, yaani 4:3 ndani ya 4K, zinahitajika 6,220,800. Takriban pikseli 14 katika kila 15 zimebuniwa na programu, na programu ikiishiwa mawazo hupaka plasta kwenye mashavu ya watu.

Kwa kanda, basi, 1080 inatosha. Hata kwa kazi mpya mtu apime sebule yake kwanza. Runinga ya inchi 43 ina kimo cha takriban sentimita 53, na jicho zima huanza kushindwa kuzitenganisha pikseli za 1080 likiwa umbali wa kimo hicho mara 3.2, yaani mita 1.7. Makochi mengi yako nyuma zaidi ya hapo.

Mwendo nao una sheria yake: kanda ya PAL ina fildi (nusu-fremu) 50 kwa sekunde, na faili liwe na fremu 50. Wavivu hutupa nusu wakabaki na 25, kisha mkono wa mpiga gitaa hukatikakatika, na lawama huenda kwa kanda kuukuu. Mpangilio wa fildi ukigeuzwa, picha nzima hutetemeka kila mtu anapotembea.

Kuhusu pembeni, weusi ndio rangi pekee inayokubalika. Mtindo wa kujaza nafasi kwa nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu, ambao taarifa za habari zimeupenda tangu video za simu za wima zianze kuingia studio, ni uchafu, na hauna utetezi. Ni kweli kwamba video ya wima kwenye kioo cha 1920 huchukua takriban pikseli 607 tu, chini ya theluthi ya upana. Iachwe ichukue hizo. Ukungu unaocheza pembeni humwita mtazamaji atazame mahali ambapo hakuna kitu.

Faili lililoandaliwa vyema bado linaweza kuuawa nyumbani. King'amuzi kikibaki kwenye uwiano kilichotoka nao kiwandani, au runinga ikiachwa kwenye "Zoom", picha itavutwa au kukatwa tena bila kujali kazi ya fundi. Runinga nyingi pia hukuza picha kidogo na kula kingo zake, desturi iliyorithiwa kutoka vioo vya matumbo vya runinga za zamani. Kwenye menyu kitafutwe "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", kutegemea kampuni, kiwashwe mara moja na kisiguswe tena. Zipo kumbi za mpira ambako matokeo yaliyoandikwa kwenye kona hukatwa nusu msimu mzima, wateja wanaulizana ni ngapi kwa ngapi, na rimoti iko palepale juu ya kaunta.