Mswada Ulivyoshushwa Hadi Bei ya Mkate

Vuguvugu la Gen Z la Juni 2024 nchini Kenya husimuliwa kana kwamba liliundwa na hashtegi. Sikubali. Wakenya walisifika kwa kelele za Twitter miaka mingi kabla ya hapo, na wakubwa walishazizoea: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Safari hii kilichobadilika ni kwamba watu walisoma.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga kuongeza mapato ya serikali kwa takriban shilingi bilioni 346. Hiyo ni namba isiyomuuma mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuishika mkononi. Vijana walichukua kifungu kimoja kimoja wakakipigia hesabu. VAT ya asilimia 16 kwenye mkate: wa shilingi 65 unafika 75. Ushuru wa gari, asilimia 2.5 ya thamani yake: ka-Vitz ka laki nane kanakudai 20,000 kila mwaka unapokakatia bima. Ukija kwenye tozo ya mazingira, unakutana na nepi. Maelezo hayo yaliwekwa TikTok, wengine wakayarudia kwa lugha za nyumbani na kwa Sheng. Msanidi programu Kelvin Onkundi akatengeneza chombo cha akili mnemba cha kujibu maswali kuhusu mswada huo, kikamwondolea mtu mzigo wa kupambana na kurasa za Kiingereza cha mawakili.

Faida ya kazi hiyo ilionekana Juni 18, siku ya maandamano ya kwanza Nairobi. Upande wa serikali ulitangaza kwamba ushuru wa mkate na wa magari umeondolewa. Kwa umati uliokuja kwa sababu ya mkate tu, hapo shughuli ingekwisha. Lakini hawa walikuwa wameshavijua vifungu vilivyobaki. Peremende haikuwatuliza.

Hasira ikishapata bei, hutafuta anwani. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, na "kusalimia mheshimiwa" kukawa na maana mpya: ujumbe mfululizo mpaka simu izimwe. Kusambaza nambari ya mtu bila ridhaa yake ni kosa, na sitamshauri yeyote aige. Kimbinu, hata hivyo, walilenga penyewe. Rais hukabiliwa na nchi nzima, lakini mbunge ana eneo bunge lake, watu wanaomjua kwao, na hesabu ya uchaguzi ujao.

Je, salamu zilibadilisha kura? Kidogo mno. Juni 20, kwenye kusomwa mara ya pili, mswada ulipita kwa kura 204 dhidi ya 115. Juni 25, mara ya tatu, 195 dhidi ya 106. Kwa hesabu hiyo mtandao ulishindwa ndani ya Bunge. Kilichogeuza mambo ni barabara, na humo mtandao ulitumika kama ofisi ya mratibu: mabango ya saa na mahali, Zello ya kuzungumza kama kwa redio ya upepo, M-Pesa ya michango ya hospitali na mazishi. Eldoret na Nyeri, zilizompa Rais William Ruto kura 2022, nazo zikaingia barabarani. Bunge likavamiwa. Risasi zikapigwa, na kufikia Julai 1 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu waliokufa 39. Juni 26 Ruto alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo.

Walijiita wasio na kiongozi, wasio na kabila, wasio na chama. Ilikuwa kinga nzuri, maana hakukuwa na mtu mmoja wa kununuliwa wala wa kufungiwa. Ila kinga hiyo hiyo iliwakwamisha baada ya ushindi. Ruto alipoingia kwenye mjadala wa sauti wa X Julai 5, kila mtu angeweza kumuuliza swali, na hakuna aliyekuwa na idhini ya kukubaliana naye jambo. Alivunja baraza la mawaziri Julai 11. Viti vilipojazwa, vinono kadhaa viliwaendea watu wa ODM, chama cha upinzani, na John Mbadi akapewa Hazina ya Kitaifa. Chama kina mtu wa kutuma kwenye meza. Vuguvugu halikuwa naye.

Serikali nayo ilijifunza. Mwaka 2025 Rose Njeri, aliyeunda ukurasa wa kuwawezesha raia kutuma barua pepe kupinga Mswada wa Fedha wa mwaka huo, alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta, kabla ya mahakama kuikataa kesi hiyo.

Na kulikuwa na mlango mmoja ambao simu isingeweza kuufungua. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Aliyetimiza miaka 18 akiwa barabarani Juni 2024 alisubiri hadi Septemba 29, 2025 uandikishaji wa wapiga kura uliporejea. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027.