The Blind Side: Anayesaidiwa Naye Ana Lake la Kusema

Muvi ya The Blind Side (2009) inasimulia maisha ya Michael Oher, kijana masikini wa Memphis, Marekani, aliyechukuliwa na familia tajiri mpaka akawa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani. Inaliza watu. Lakini mimi nina neno nayo.

Kazi ya Oher uwanjani ilikuwa kuzuia: anaweka mwili wake ili mrusha mpira asiangushwe. Ni kama mtu anayefua maji kwenye mashua. Sifa anapewa nahodha. Hata hivyo, Baltimore Ravens walimwanzisha mechi zote 80 za ligi kwa misimu mitano, na mwaka 2013 wakachukua ubingwa.

Sasa tazama muvi. Oher anaonekana mjinga, anafundishwa mchezo na mama mfadhili na mtoto mdogo wa nyumba. Mwenyewe alilalamika kwenye kitabu chake cha 2011: mpira aliujua zamani. Tuzo ya Oscar ikaenda kwa Sandra Bullock, aliyeigiza yule mama. Mwaka 2023 Oher akaenda mahakamani: kumbe hakuasiliwa, aliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria tu. Familia ilikana kumdhulumu. Hakimu akaufuta usimamizi ule.

Sisi tuliokimbia Palma na Mocímboa da Praia tunapigwa picha sana. Ndugu zetu wa mashirika, kabla hamjaandika "tumembadilishia maisha", muulizeni alikuwa nani. Yule mzee wa foleni ya mchele ni fundi mashua. Andikeni na hilo.