Drosera kwenye roshani ya Kariakoo: tatizo si wadudu

Anayepanda drosera, ule mmea wa ute unaonasa nzi, kwenye roshani ya ghorofa Kariakoo au Jangwani huanza kwa kuhangaikia chakula chake. Nzi mjini wamejaa. Kinachoua mmea huo ni maji na udongo.

Kwao ni ardhi ya majimaji iliyo fukara, haina naitrojeni ya kutosha, ndiyo maana jani likageuka mtego. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1875 juu ya mimea inayokula wadudu, alieleza jinsi alivyoyapa majani ya drosera nyama, yai na chumvi za amonia, na vinyweleo vikajikunja. Lakini kinachofaa kwenye jani hakifai mzizini: weka samadi au mbolea ya dukani, mizizi itaungua.

Maji nayo hivyohivyo. Wakuzaji wengi hawapendi yazidi miligramu 50 za chumvi kwa lita, na visima vingi vya Dar vina munyu unaousikia ulimini. Kuchemsha kunazidisha ubaya, kwani mvuke huondoka na chumvi ikabaki. Wakati wa masika kinga mvua. Kiangazi, tega ndoo chini ya bomba la kiyoyozi: yale ni maji yaliyotoka hewani, na hewa ya Dar haina ubahili wa unyevu. Fundi akishasafisha mashine kwa dawa, mwaga ya siku hizo.

Udongo wa bustani usiuguse. Nyuzi za makumbi ya nazi zinafaa, ila makumbi ya pwani huenda yamelowekwa baharini, kwa hiyo yaloweke kwenye maji ya mvua na kuyamwaga mara kadhaa. Changanya na mchanga, baada ya kuudondoshea siki. Ukitoa povu una chokaa ya makombe au matumbawe. Warudishie mafundi ujenzi.

Kutambua aina kunahitaji macho tu. Drosera indica ina majani membamba kama nyuzi, yamepangana kwenye shina linalosimama. Huishi msimu mmoja, hutoa mbegu na kufa, basi mgeni asijilaumu. Drosera madagascariensis huishi miaka, jani lake lina kikonyo kirefu na ncha kama kijiko, na pale linapoungana na shina pana utando wenye nyuzi. Hii ndiyo iliyovunwa sana Madagaska kwa ajili ya dawa za kikohozi za Ulaya. Sababu tosha ya kukusanya mbegu chache na kuuacha mmea porini. Drosera burkeana hulala chini kama ua lililofunguka. Mbegu zao ni vumbi: nyunyiza juu ya udongo, usizifukie, zinataka mwanga.

Chungu hukaa ndani ya sinia lenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, na hapo mbu wa dengi hupata makao. Wanaosifu drosera kuwa dawa ya mbu wanatia chumvi: majani yake hayafiki walipo viluwiluwi. Kwa joto letu kiluwiluwi huweza kuwa mbu ndani ya wiki moja hivi, kwa hiyo sinia limwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku nne au tano, kisha lijazwe upya kutoka kwenye ndoo ya kiyoyozi iliyofunikwa.