Kipande cha Babu

“Wanaoanika wako wapi?” Bibi aliuliza.

Tulikuwa tumekaa barazani Kisiwani, milima ya Upare nyuma yetu, nyika ya Mkomazi mbele. Nilikuwa namwonyesha kwenye simu kipande kifupi cha Waiting, kazi ya Zarina Bhimji ya mwaka 2007 tuliyopewa chuoni katika somo la sanaa ya video. Ni ndani ya kiwanda cha mkonge nchini Kenya. Kuna mwanga, vumbi na mafungu ya nyuzi nyeupe. Hakuna anayesimulia. Wahakiki hupenda kusema kwamba nyuzi hizo zinafanana na nywele za binadamu. Kiswahili kilishaliona hilo zamani: mkonge una singa, na nywele zilizonyooka tunaziita za singa. Bibi hakushangaa. Ujanani aliwahi kuanika singa kwa ujira, kwa hiyo macho yake yalitafuta watu.

Darasani tuliisoma Waiting kama kazi kuhusu uhamaji, na ni haki. Bhimji alizaliwa Mbarara, Uganda, mwaka 1963, katika familia yenye asili ya India. Mwaka 1972 Idi Amin aliamuru Waasia waondoke. Familia ya Bhimji ilihamia Uingereza mwaka 1974. Katika Out of Blue, iliyoonyeshwa Documenta 11 mjini Kassel mwaka 2002, alirudi Uganda na kamera: majengo yaliyoachwa, seli, makaburi, uwanja wa ndege wa Entebbe. Watu hawaonekani, na kutoonekana kwao ndiyo habari yenyewe. Walifukuzwa. Utupu ule unashuhudia.

Mashaka yangu yanaanza mtindo huohuo unapoingia kiwandani, kwa sababu kiwanda cha mkonge si nyumba iliyokimbiwa. Ni mahali ambapo watu waliletwa. Hata mmea wenyewe ni mgeni: asili yake ni Mexico, na mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Baada ya mmea wakaja manamba, vibarua wa mikataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha SILABU, ofisi ya kuwaandikisha kutoka mikoa ya mbali.

Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Kigoma miaka ya hamsini, akakata mkonge katika shamba moja huku chini ya milima, akaoa Kisiwani, akazikwa Kisiwani. Kijiji alichotoka hatukijui hata jina. Katika sanduku la bati la Bibi imebaki kadi yake ya kazi, kipande, yenye nafasi 30 za siku. Mshahara ulingoja hadi nafasi zijae. Kwenye kadi hii zimejazwa 19. Kwa nini aliishia hapo, Bibi hajui.

Kwa muda nilidhani dawa ya utupu wa Bhimji ni Bouchra Khalili. Katika The Mapping Journey Project, video 8 alizozitengeneza kati ya 2008 na 2011, tunaona mkono wa msafiri ukichora njia yake juu ya ramani kwa kalamu, huku yeye mwenyewe akisimulia. Sura haionekani, lakini sauti ni yake na njia ni yake. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini inahitaji msafiri aliye hai. Babu hana tena mkono wa kushika kalamu, nami siwezi kuuchora mstari kwa niaba yake.

Kwa hiyo nimerudi kwa Bhimji, nikiwa na lawama ndogo kuliko mwanzo, ila iliyo wazi zaidi. Waiting maana yake ni kungoja. Nani anangoja? Mtazamaji wa London akitaka kujua, maandishi ya maonyesho yatamweleza habari za Bhimji: Mbarara, Amin, Uingereza. Utupu wa msanii una jina na tarehe. Mkata mkonge hana maandishi yanayomsindikiza ukutani, na ukimya unaomfaa Bhimji kwa yeye unageuka kufutwa mara ya pili, baada ya ile namba.

Bibi aliomba kuiona tena. Safari hii aliisogeza simu karibu na macho, akaangalia mafungu yale kwa muda.

“Huyu alikuwa na haraka,” akasema.

Mimi sikuona mtu. Yeye alimwona katika namna singa zilivyolala. Ujuzi huo haumo ndani ya filamu. Bibi aliuleta mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwalika kwenye maonyesho.