Rembrandt: rangi aliyoiacha ionekane

Mtazame Jan Six begani. Mwaka 1654 Rembrandt alimchora bwana huyu wa Amsterdam akiwa amesimama, kofia kichwani, koti la kijivu mwilini, joho jekundu limetupiwa bega moja, akivuta glavu mkononi. Mwaka uliotangulia Six alikuwa amemkopesha mchoraji huyo florini 1,000. Joho lile lina nakshi za dhahabu, lakini ukilisogelea dhahabu inatoweka. Unaona milia mifupi ya rangi ya njano tu, kila mmoja umepigwa mara moja kwa brashi pana na haukurudiwa. Rudi nyuma hatua chache, nakshi inajipanga tena. Glavu nayo ni mapigo machache yaliyowekwa juu ya rangi iliyokuwa bado mbichi.

Wapo wanaoiona kazi ya namna hii kuwa ya haraka haraka. Mimi naona mkono wa mtu aliyejua tangu ujana kiasi gani cha kuchora kinatosha. Ushahidi mzuri uko London, katika National Gallery: picha ya mfanyabiashara Philips Lucasz, ya mwaka 1635. Ukiitazama kola yake ya lesi utaapa kwamba kila uzi umechorwa. Njia iliyozoeleka ilikuwa kweli kufuata uzi kwa uzi, nyeupe juu ya giza. Rembrandt aliigeuza kazi. Aliipaka kola rangi nyeupe kwanza, kisha akachukua nyeusi akachora matundu. Matundu hayo hayakuhitaji kulingana wala kukamilika, kwa sababu jicho la mtazamaji linashona lenyewe sehemu iliyobaki.

Ujasiri huo alikuwa nao mapema. Alizaliwa Leiden mwaka 1606, baba yake akiwa na kinu cha kusagia nafaka. Alifundishwa na Jacob van Swanenburg, kisha na Pieter Lastman huko Amsterdam. Katika picha ndogo aliyojichora karibu mwaka 1628, iliyoko Rijksmuseum, macho yamezama kivulini na mwanga umeangukia shavu na shingo. Nywele zinazopokea mwanga hakuzichora kwa manyoya ya brashi. Aliigeuza brashi, akakwaruza rangi mbichi kwa ncha ya mpini hadi tabaka la chini likajitokeza.

Kadiri miaka ilivyokwenda, tofauti ya unene ikawa ndiyo silaha yake kuu. Penye kivuli alipaka rangi nyembamba, mara nyingine akaiacha rangi ya msingi, ya kahawia, ionekane. Penye mwanga alirundika nyeupe ya risasi ikatuna kama lipu, hivyo paji la uso na pua hupokea mwanga wa chumba tunamosimama. Rangi ya kawaida iliyochanganywa na mafuta ya kitani hulegea, haisimami hivyo. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kuchunguza chembe ndogo za picha zake, ikiwemo ile ya Marten Soolmans ya 1634. Ndani ya rangi nene walikuta madini adimu ya plambonakriti, dalili kwamba alitia oksidi ya risasi kwenye mafuta ili rangi ikae alipoiweka.

Soko halikumsubiri. Wanafunzi wake wa zamani, Govert Flinck na Ferdinand Bol, walipata kazi kubwa kwa picha laini, zenye mwanga sawasawa, na mwaka 1656 yeye alifilisika. Kurudi kwenye ulaini kungeweza kumsaidia, na uwezo alikuwa nao. Hakurudi.

Picha aliyojichora karibu mwaka 1665, iliyoko Kenwood House, London, inaonyesha jinsi alivyofikia uamuzi wa aina hiyo. Eksirei imefichua kwamba mwanzoni alijichora kama kioo kilivyomwonyesha, akiwa kazini, brashi imeshikwa upande usio wake. Baadaye akaubadilisha mwili mzima, akavihamisha vyombo vyake upande wa pili. Katika mabadiliko hayo mkono unaoshika ubao wa rangi na brashi ukabaki mistari michache, vidole havipo kabisa. Huko kwingine ametumia rangi kwa ubahili mkubwa, na usoni akaipaka tabaka juu ya tabaka. Kwangu mkono ule umekamilika: angeongeza vidole, tungeanza kuvihesabu badala ya kumtazama machoni.