Padre Mbele ya Ubao wa Kijani

Kitabu kiitwacho Prières, yaani Sala, kilichoandikwa na Padre Michel Quoist na kutolewa Ufaransa mwaka 1954, kimesomwa na mamilioni ya watu na kufasiriwa katika lugha nyingi. Sisi tufundishao Kiswahili katika nchi ambazo Kifaransa kilitangulia shuleni, wengi wetu tulikutana nacho tungali wanafunzi, katika kabati la vitabu vya misioni, tukakidhania kuwa kitabu cha ibada kama vingine. Sivyo kilivyo. Akifunguaye akitafuta novena na litania atakuta simu, noti, trekta, tofali, wavu wa seng'enge, matangazo yaliyobandikwa ukutani, na vijana wachezao mpira usiku. Padre hukitazama kila kitu kwa zamu yake, hukisimulia, kisha humgeukia Mungu wake.

Hatukusudii kukihakiki kwa jicho la teolojia. Miongoni mwetu walimu wamo Waislamu na Wakristo, na wamo wasiosali. Kinachotuunganisha ni lugha. Swali letu ni hili: kwa nini baadhi ya tafakuri hizi fupi, zenye maneno mepesi ambayo mtoto wa darasa la sita angeyaelewa, humkaa msomaji moyoni miaka mingi, na nyingine katika kitabu hichohicho zikamtoka mara afungapo ukurasa? Tukilijibu swali hilo huenda tukapata la kuwaambia wanafunzi wetu siku ya insha.

Kwanza mtu mwenyewe. Quoist alizaliwa mwaka 1921 katika bandari ya Le Havre, kaskazini mwa Ufaransa. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14 akaenda kazini, na ujana wake aliupitisha katika chama cha vijana wafanyakazi Wakatoliki kilichoasisiwa Ubelgiji mwaka 1925 na Padre Joseph Cardijn. Cardijn aliwafundisha vijana hao mambo matatu kwa utaratibu usiopinduliwa: tazama, pima, tenda. Quoist alipewa upadre mwaka 1947, wakati mji wake, uliokuwa umebomolewa na mabomu mwezi Septemba 1944, ukijengwa upya kwa zege. Baadaye alisomea elimu ya jamii mjini Paris, na mwaka 1952 akachapisha utafiti wake juu ya mtaa mmoja wa wafanyakazi fukara katika mji wa Rouen. Kwa hiyo kabla ya kuandika sala alikwisha kuzoea kwenda mtaani kutazama watu wanavyoishi. Msomaji akumbuke pia kwamba mwaka huohuo wa 1954 Roma iliwaamuru mapadre waliokuwa wakifanya kazi viwandani pamoja na vibarua waiache kazi hiyo. Quoist hakuwa mmoja wao, lakini swali lililowatoa kanisani na kuwapeleka viwandani ndilo lililomo kitabuni mwake: maisha ya mtu wa leo yanakutana wapi na imani yake?

Tuanze na tafakuri inayotugusa sisi walimu. Padre ametembelea shule mpya, na mkuu wake anamwonyesha kwa fahari mambo yote ya kisasa yaliyomo. Lililo kubwa kuliko yote ni ubao: haukupakwa rangi nyeusi, bali ya kijani, kwa kuwa wataalamu wamegundua baada ya majaribio mengi kuwa rangi hiyo haichoshi macho. Padre anasikiliza, halafu anawaza kwamba Mungu hakungoja wataalamu ndipo aipake miti na mabustani rangi hiyo. Hadithi imekwisha. Ni kichekesho kidogo, hakina ukali, na mwanasayansi mwenyewe angeweza kukicheka.

Hapa pana jambo ambalo mfasiri wa Kiswahili hawezi kulikwepa. Neno la Kifaransa kwa rangi hiyo halitaji jani lolote. Kwa hiyo msomaji wa Kifaransa hushtushwa mwishoni, pale miti inapotajwa. Sisi tunasema kijani, au rangi ya majani, na kwa kusema hivyo tumekwisha itoa siri tangu mstari wa kwanza. Mkuu wa shule wa Kiswahili hawezi hata kuusifu ubao wake bila kuyakiri majani! Tulipojaribu kuifasiri tafakuri hii pamoja na wanafunzi, msichana mmoja aliuliza kwa nini padre alihitaji kufikiri sana ili aone jambo lililomo katika neno lenyewe. Hatukuwa na jibu, ila tulifurahi kwamba ameuliza. Mara nyingi tunaambiwa kuwa Kiswahili ni maskini wa rangi.

Tafakuri ya simu, kwa maoni yetu, inaipita ile ya ubao. Padre amekwisha kuuweka mkonga mahali pake. Anajiuliza yule mtu alipiga kwa sababu gani, na anatambua kwamba hajui, kwa kuwa yeye padre ndiye aliyesema muda wote. Alieleza, akashauri, wala hakusikiliza. Tazameni mahali alipochagua kuanzia. Hakuanza na faida za simu, wala madhara yake. Hakuanza hata na mazungumzo, bali na ule ukimya unaofuata, ambapo mtu hubaki peke yake na kosa alilolitenda sasa hivi. Fani na maudhui hapa haviachani: mtu aliyesema mno anaonyeshwa katika sentensi fupi fupi, kama anayeogopa kusema tena.

Kinyume chake ni insha tunazosahihisha. Mpe mwanafunzi mada ya simu, naye ataanza kwa kusema kuwa simu ni chombo muhimu sana katika ulimwengu wa leo. Ataorodhesha faida tano na hasara tatu, kisha atatoa ushauri kwa serikali na wazazi. Tumewafundisha hivyo sisi wenyewe, tusiwalaumu. Mvulana yuleyule aandikaye kurasa mbili zisizo na uhai ana simu mfukoni, na juzi tu huenda aliikata mama yake angali anasema.

Lakini tusimsifu Quoist kupita kiasi. Katika tafakuri kadhaa hatua ya pili ya Cardijn, ile ya kupima, inafika mapema mno, kabla macho hayajashiba. Mfano ni tofali. Mwashi anaweka tofali juu ya saruji, anaongeza saruji, anaweka jingine juu yake, wala hamwulizi yeyote kati yao. Yale ya chini yanazama gizani na ndiyo yanayoibeba nyumba. Picha ni nzuri, na kila aliyewahi kubeba tofali kichwani ataithibitisha. Padre anaipokea kuwa somo la kuridhika: si kitu kuwa chini au juu, mradi kila mmoja akae alipowekwa. Hapo tunasita. Tofali haliulizi aliyeliweka. Kibarua anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza. Mtu aliyeandika kitabu kizima juu ya mafukara wa Rouen alijua vema kwamba mafukara wake hawakuwekwa chini na Mungu. Nadhari yake imeteleza kwa kuwa mfano ulikuwa mtamu. Huo ni mtego wa kila aandikaye kwa mifano, na fasihi yetu yenye methali nyingi imenaswa humo mara nyingi.

Noti inamsahihisha. Anapoishika noti moja anawaza mikono yote iliyoipitisha, jasho lililoichuma, maua iliyonunua, na mambo ya aibu iliyoyalipia kimya. Hapa hana haraka. Anaihesabu mikono, mmoja baada ya mwingine, hata karatasi ile ikawa nzito. Leo mshahara na ada za shule husafiri kwa simu bila kushikwa na mtu, na kijana wa sasa asomapo tafakuri hii yampasa aelezwe kwanza jinsi noti ilivyokuwa ikinuka samaki, mafuta ya taa au sabuni, kulingana na mfuko ilimotoka.

Iliyo kuu kuliko zote, kwetu sisi, ni sala ya padre Jumapili usiku. Watu wamekwisha kurudi makwao, watoto wameitwa ndani, milango imefungwa, na yeye amebaki peke yake. Anawapenda wote wala hana wa kwake. Anasema wazi kuwa ni vigumu. Hakuna kitu cha kushika mkononi hapa, wala trekta wala tofali, ila chumba kitupu na mtu aliyechoka. Yule aliyewafariji wengine katika kurasa zilizotangulia hana kwanza wa kumfariji, na jibu linapokuja haliuondoi upweke. Tunawaonya walimu wasiifanye tafakuri hii kuwa zoezi la maswali na majibu.

Quoist alifariki mwaka 1997, baada ya kuandika vitabu vingine kadhaa, ambavyo hakuna kilichokipita hiki kwa kusomwa.

Baada ya kukisoma tena tuliwapa wanafunzi wetu kazi: andika juu ya kitu kimoja cha nyumbani kwenu, na neno "faida" lisionekane. Wengi walilalamika. Mmoja aliandika juu ya ufunguo ambao mama yake huuacha juu ya kizingiti cha mlango kila alfajiri aendapo sokoni, na jinsi siku moja alivyorudi shuleni akapapasa asiukute, akaketi mlangoni hadi giza likaingia, akisikiliza nyayo za kila apitaye. Hakutaja mama alikuwa wapi. Insha iliishia hapo, nayo haikuwa na utangulizi wala hitimisho, mambo mawili ambayo mwongozo wetu wa kusahihishia huyatengea alama tano kati ya ishirini. Tulimpa kumi na saba, kisha tukabishana katika chumba cha walimu hadi kengele ikalia.