Pua za Kibirizi

Sifa ya dagaa wa Kigoma, ambao wengi wao ni wa spishi ya Stolothrissa tanganicae isiyopatikana kiasili nje ya Ziwa Tanganyika, hutajwa sokoni kana kwamba ilitoka majini pamoja na samaki mwenyewe, ilhali sehemu kubwa ya sifa hiyo ni kazi ya waanikaji wa mialo ya Kibirizi na Katonga, wengi wao wanawake, ambao ustadi wao unakaa puani.

Mwanikaji mahiri hutenganisha shombo, yaani harufu ya kawaida ya samaki mbichi, na uvundo, ambao ni dalili kwamba bakteria wamekwisha kuvunja protini na kuachia mivuke ya amonia na amini. Huchota ukufi wa dagaa katikati ya chanja, si ukingoni kunakokauka mapema, humvunja mmoja shingoni akisikiliza mlio wa ukavu, kisha hunusa pale palipovunjika, kwa kuwa tumbo huweza kuvunda ngozi ingali inameta kama fedha. Walionyeshewa na mvua kabla ya kukauka huwatenga kimya, bila kumweleza mtu sababu.

Kazi hiyohiyo ndiyo inayotafutiwa leo maabarani nyenzo zenye matundu na zenye fluoresensi, yaani tabia ya kupokea mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Baadhi yake ni viunzi vya metali na molekuli za kaboni, vilivyowapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025. Kuta za matundu yake, katika gramu chache tu, zikikunjuliwa zingefunika uwanja wa mpira, na mvuke wa amini, au wa benzeni itokayo kwenye petroli, ukipenya humo, mwanga hufifia au hubadilika rangi. Kwenye ziwa ambako dagaa huitwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa za sola, taa inayonusa haipaswi kumshangaza mtu. Tena haina udhaifu wa pua, ambayo hukaa na harufu hata ikaizoea.

Hata hivyo, nyenzo hiyo husubiri kuulizwa, na mchuuzi anayepakia gunia lililokwisha kushonwa haulizi wala hanusi, hivyo aliyechanganya dagaa wa mvua na wa jua hulipwa sawa na aliyewatenga. Pua nayo huhitaji mazoezi: uvuvi uliposimamishwa upande wa Tanzania wa ziwa hilo kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane, hatua iliyokuwa na haki yake, kwa miezi mitatu hapakuwa na dagaa mbichi wa kumpa binti aliyesimama kando ya mama yake, anuse na kujibu.